Maswali ya Wasomaji: Mbona kila mhusika akilia mvua inanyesha?

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu, kwamba kwenye hadithi usinyeshe mvua kwa sababu mhusika ana huzuni, wala usiwashe jua kwa sababu amefurahi. Basi meseji zikamiminika, wengine wamekubali, wengine wamenijia juu kweli kweli. Nimechagua chache, zilizofanana nimeziunganisha. Majina nimeyaacha ili msianze kutafutana mtaani.

Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa Ujiji, mchana nachomelea mageti usiku naandika. Nina stori ya jamaa anaitwa Juma, kaachwa na mchumba kwa meseji, mwezi wa 7 siku chache tu baada ya Sabasaba. Pale anaposoma nimeandika: "Ghafla mbingu zikafunguka, mvua kubwa ikaanza kumwagika, hata mawingu yalilia pamoja naye." Rafiki yangu kasoma kacheka, anasema ya kizamani. Kwani shuleni si tulifundishwa mandhari inabeba hisia za mhusika? Kosa liko wapi? (Fundi, Ujiji)

Marahaba fundi. Tuanze na hilo la mwezi wa 7, maana rafiki yako kacheka ila hajakwambia lililonichekesha mimi. Ujiji mwezi wa 7 mvua kubwa imetoka wapi? Huku mvua zinakata mwezi wa 5, zinarudi wa 10 au wa 11 huko. Sabasaba ni vumbi, ni upepo wa kusini unaopiga ziwa mpaka mawimbi yanavunjikia kwenye mitumbwi iliyofungwa, ni midomo kupasuka. Msomaji wa Kigoma akikuta mvua hapo hataona huzuni ya Juma, atakuona wewe mwandishi umeshika ndoo juu ya bati unamwaga maji. Akishakuona wewe basi, Juma kapotea.

Sasa tuseme umehamisha stori mpaka mwezi wa 3, mvua ipo kihalali. Bado kuna tatizo, na siyo kwamba mvua na huzuni haviendi pamoja, vinaenda. Shida ni kwamba mvua yako haina kazi nyingine zaidi ya kumlilia Juma, imekuja kwa ajili yake, ikimaliza inaondoka. Mvua ya kweli haimjui Juma, inanyesha na kwa jirani, inalowesha dagaa wa watu, inamfurahisha mwenye mahindi, inamkera mwenye bodaboda. Ndani ya hiyo hiyo mvua isiyomjali ndo Juma anabaki na meseji yake. Angalia, nimejaribu kuiandika upya, siyo kwamba ndo sahihi ila uone ninachosema:

"Juma alisoma meseji mara mbili akairudisha simu mfukoni. Mvua ilikuwa inanyesha tangu saa nane. Mama wa banda la pili alikuwa anampigia kelele aje ashike upande mwingine wa turubai, dagaa wanalowa, akaenda akashika. Maji yakawa yanamwingilia kwenye mikono ya shati yanashuka mpaka kwapani, na aliendelea kushika hata mama alipomwambia basi mwanangu, wameshafunikwa, achia."

Hapo sijasema analia, sijasema mawingu yana huruma. Mvua iko bize na dagaa. Lakini yule kijana aliyeshindwa kuachia turubai si umemuona? Na chukua hiyo hiyo mvua, banda lile lile, mama yule yule anayepiga kelele, ila meseji iwe mchumba kakubali: Juma angekimbia na turubai, angeteleza, angecheka, angelowa makusudi. Mvua haijabadilika hata tone. Kilichobadilika ni mtu anayeloweshwa nayo, na wewe kazi yako iko kwa huyo mtu.

Mzozo huu wenyewe siyo wa jana. Mwaka 1856 mhakiki mmoja wa Uingereza, John Ruskin, aliandika akilalamikia washairi wanaovipa vitu visivyo na uhai hisia za binadamu. Mfano wake ulikuwa wa shairi la binti aliyekufa maji, mshairi kaandika povu la baharini ni katili na linatambaa. Ruskin akasema povu siyo katili na wala halitambai, ni huzuni ndo imemfanya mtu alione hivyo. Watu wengi huwa wanaishia hapo wanasema basi imekatazwa, lakini mzee hakukataza moja kwa moja, alisema tukiona hisia yenyewe ni ya kweli tunamsamehe mwandishi, kinachokera ni yule anayeandika hivyo huku moyo wake umepoa, anaweka tu kwa sababu ameona wenzake wanaweka. Nadhani rafiki yako alicheka kwa sababu hiyo.

Mfano ulio bora kuliko wote kwangu unausoma kwa Kiswahili kabisa, ile tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ambayo Mwalimu Nyerere, kijana wa shule hapo Tabora enzi zake, aliitafsiri na ikachapwa mwaka 1963. Usiku wa kuamkia siku ya kuuawa Kaizari kuna radi na tufani ya kutisha. Casca, mmoja wa watakaomuua, anatembea na upanga mkononi anatetemeka, anaona miungu imekasirika. Cicero, seneta asiyehusika na njama, anakutana naye njiani, katulia, anamwambia watu huwa wanazitafsiri ishara wanavyotaka wenyewe, anauliza mambo ya kesho, anajiendea zake. Cassius naye, kinara wa njama, kafungua kifua kabisa anakitega kwenye radi, kwa sababu ana hasira na anaona mbingu iko upande wake. Tufani moja, watu watatu, na unawajua wote watatu kabla hata mkutano wa wala njama haujaanza. Usimwambie msomaji anga linajisikiaje, mwonyeshe nani analitazama.

Mwalimu habari za kazi. Mi nipo Mwanga hapa Kigoma mjini, siyo mwenyeji sana wa mambo ya ziwani. Nimeandika sini ya mapenzi, mke na mume wake wamekaa ufukweni Katonga, mbalamwezi imejaa, ziwa limetulia, mume ni mvuvi wa dagaa, wana raha kwelikweli. Kwenye kikundi chetu cha kusomeana kuna mama mmoja kaniambia "hiyo mbalamwezi na hizo raha zako haviendani" akanyamaza, sikuthubutu kumuuliza. Alimaanisha nini? (Dada wa Mwanga)

Nzuri dada. Huyo mama ni mke wa mvuvi au mtoto wa mvuvi, nakuhakikishia.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, sa hivi nyingi ni za betri na sola. Taa inawavuta wanakusanyika, wavu unainuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa yako haina cha kuonyesha, dagaa hawasogei. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanalala nyumbani, wanashona nyavu, wanasubiri giza. Sasa fikiria kwenye hiyo nyumba mbalamwezi maana yake nini. Ni siku ambazo hela haiingii. Ni mangi wa dukani kuanza kuuliza lile deni. Ni baba yupo ndani mchana kutwa anakagua chumvi inatumikaje.

Ila subiri usiifute hiyo sini. Kuna upande mwingine ambao nadhani ndo dhahabu yako. Bibi harusi wa miezi miwili, mume wake kila usiku yuko ziwani na yeye analala peke yake akisikiliza upepo, kwake mbalamwezi ndo wiki pekee ya kulala na mume. Anaufurahia mwezi ule ule ambao mama mkwe wake chumba cha pili anaulaani kwa sababu ya unga. Weka wanawake wawili nyumba moja mwezi mmoja, halafu mfanye mke akumbuke ghafla, katikati ya raha zake, kwamba kesho hakuna kitu cha kupeleka sokoni. Hapo utakuwa na mapenzi ya Katonga, siyo ya kwenye kalenda.

Na usisahau kwamba kutokuwepo kwa kitu nako ni mandhari. Usiku wa giza wa kawaida ukisimama juu pale unaona taa ziwani zimetapakaa kama mji mwingine umeota majini. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ulikuwa ukitazama upande wa maji usiku unakuta weusi mtupu. Miezi 3. Mi sihitaji mwandishi aniambie mhusika "alihisi utupu moyoni" kama amenipeleka ufukweni usiku wa mwezi wa 6 mwaka ule na kaniacha nisimame.

Mwangaluka mwalimu. Nyie wa Kigoma mna ziwa, mna milima, mnaringa tu. Sisi Tabora ni tambarare, miembe, vumbi na joto. Mhusika wangu ni mama ambaye mwanae wa kiume kapanda treni kwenda Dar kutafuta maisha na sasa hapigi simu. Mandhari ya huku itabeba nini? Nimefikiria nimhamishie Kigoma. (Msomaji, Isevya)

Mwangaluka ndugu yangu, na nakuomba sana usimhamishe huyo mama, kwanza nauli yenyewe nani atalipa.

Kuna kitu kinatokea kwenu ambacho wageni wakiambiwa hawaamini. Mwezi wa 9 na wa 10, joto limefika kiwango cha mtu kukosa hata hamu ya kugombana, mvua haijaonekana tangu mwezi wa 4 au wa 5, nyasi zimechomwa, ardhi nyeusi, na katikati ya ukavu huo miti ya miombo inatoa majani mapya. Kabla ya tone la kwanza! Na hayatoki ya kijani, yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, ukiwa kwenye gari unapita unaweza kudhani pori lina maua. Yaani mti umeamua kuamini mvua itakuja. Mama anayesubiri simu akipita chini ya miti hiyo kwenda kutafuta kuni unaweza kumfanya achukie kabisa, aone majani yanajitia kimbelembele. Au ayaangalie kila siku. Inategemea umemfikisha wapi kwenye stori, asubuhi ya kwanza anaweza kuyachukia na wiki ya pili akajikuta anavunja kuni za mti mwingine ili asiuguse huo.

Halafu mvua inakuja, mwezi wa 11. Hapa waandishi wengi wangeifanya mvua iwe huzuni kwa vile mama ana huzuni, lakini kwa mkulima wa Tabora mvua ya kwanza ni sherehe, watoto wako nje, vumbi linanukia, kila nyumba watu wanatoa majembe. Sasa mama anafungua stoo. Kuna majembe mawili. Mwaka jana mpini wa la pili alitengeneza mwanae mwenyewe, mrefu kuliko wa kawaida kwa sababu ya urefu wake. Anachukua la kwake. Kesho yake jirani anakuja kuazima lile jingine, maana linaonekana halina mtu, na kwenye kumjibu huyo jirani ndo stori yako ilipo, iandike taratibu usikimbie. Siku ya furaha ya mtaa mzima ndo inamkata huyu mama, na inamkata kwa sababu kila mtu anacheka.

Na treni mnayo. Reli ilifika kwenu mwaka 1912, Kigoma ikafika 1914, na hapo kwenu ndo njia zinagawana, ya Kigoma na ya Mwanza. Mtu wa Isevya akiwa kitandani anasikia honi. Mtu mwingine anageuka upande wa pili analala, mama huyu anahesabu muda wa kutembea kutoka stesheni mpaka nyumbani kwake, anasubiri mlango, muda unapita, ndo analala. Ukiandika hivyo mara moja inatosha, usirudie kila usiku tutakuchoka.

Siku nyingine nitasema kuhusu bani za tumbaku za Urambo, yale mabanda ya kukaushia majani, baba anayekesha usiku kucha anachochea moto, hapo kuna riwaya nzima na hakuna aliyeigusa kwa ninavyoona mimi.

Mwalimu, mi stori yangu nimeweka theluji kwa sababu inaonyesha upweke vizuri. Sijawahi kuiona ila kwenye muvi nimeona sana. (Bila jina)

Mhusika wako yuko wapi? Kama yuko Uvinza tuna kazi kubwa. Kama amehamia Canada sawa, mwache aishangae, aiogope, avae soksi tatu, lakini usimfanye ahisi kile wanachohisi waliozaliwa nayo. Upweke unapatikana hata Kasulu mwezi wa 6 asubuhi, ukungu umekaa kwenye migomba na mtu anakunywa chai peke yake jikoni akiwa kajifunga kitenge kichwani mpaka shingoni. Bure kabisa, na baridi hiyo unaijua.

Kwenye filamu zetu kila mtu akifa radi inapiga. Ni sawa?

Ukiwa unalipwa na mwenye radi, sawa.

Shikamoo. Mi nimeandika mazishi mchana, jua linawaka, ziwa zuri la bluu, watoto wanaogelea. Wenzangu wanasema nimeharibu, msiba hauna huzuni, niweke angalau wingu. Nimechanganyikiwa. Pia hadithi yangu ina mzee ambaye mwanae yuko ng'ambo Kalemie, Kongo, sijui kama nimtumie. (Bangwe)

Marahaba. Usiweke wingu lolote. Mtu aliyefiwa kitu kinachomshangaza kuliko vyote ni kwamba mambo mengine yanaendelea, boda anapiga honi, mtu anauliza bei ya migebuka, ziwa ni zuri vile vile jana na leo. Uzuri huo una matusi ndani yake ukiwa na msiba. Kilichokosekana kwako, maana nimesoma ukurasa ulionitumia, ni kwamba umetaja ziwa la bluu kama mpiga picha. Hakuna aliyeliangalia. Mpe macho mtu mmoja: mjane, katikati ya dua, anajikuta anahesabu watoto wanaoogelea kuhakikisha wote wameibuka. Hapo ziwa lako la bluu limekuwa la kwake na hujabadilisha rangi.

Kuhusu mzee, we mtumie, tena kwa nguvu. Wewe wa Bangwe unajua milima ya Kongo jinsi inavyofanya. Kiangazi kikikolea, mwezi wa 8 hivi, moshi wa mashamba na vumbi vinajaa hewani mpaka ng'ambo haionekani, unabaki na maji tu yanaishia kwenye weupe, na jua la jioni linageuka jekundu linapotea kabla halijagusa kitu. Mvua za kwanza zikinyesha hewa inaoshwa, asubuhi unaamka milima imesogea, mabonde unayaona. Mzee ambaye miezi 3 hajaona upande aliko mwanae, halafu siku moja anatoka mlangoni anauona wote, unataka aseme nini? Mi ningemfanya akasirike. Ningemfanya arudi ndani na kumwambia mkewe afunge dirisha. Ila mzee ni wako.

Mwalimu mwenzangu salaam. Nafundisha Kiswahili kidato cha 4, Kasulu. Vijana nikiwauliza mandhari wanajibu "mandhari ni kijijini na mjini" wanahamia swali lingine. Nifanyeje? (Mwalimu, Kasulu)

Salaam mwalimu, pole na kazi. Hao wanajibu hivyo kwa sababu swali lenyewe linaruhusu, wakitaja mahali wanapata alama wanaondoka. Jaribu kuwanyima jina la mahali. Wape aya moja ambayo umefuta jina la kijiji na umefuta kila neno la hisia, furaha, huzuni, hasira, yote, halafu waulize mhusika ana hali gani na wamejuaje. Watagombana, waache wagombane. Kisha kila mmoja aandike mistari 6 kuhusu njia ya kutoka kwao kuja shuleni, mara ya kwanza akiwa amefaulu, mara ya pili akiwa anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, siku ile ile, hali ya hewa ile ile, bila kusema amefaulu wala amerudishwa. Wengi watakimbilia kuweka wingu kwenye ile ya pili, hao warudishie daftari waanze tena. Atakayekuonyesha kwamba mara ya kwanza hakuona lile dimbwi la kwenye kona na mara ya pili akalizunguka polepole akitazama viatu vyake, huyo nitumie daftari lake, nitalipa mimi posta.